Noeli mu famiye ya dini ine: batoto ya mudogo yangu nibanunulie nguo ao hapana?

Mama_Lupangu (Katuba, Lubumbashi)

Jambo bandugu bote. Naandika usiku juu umeme imerudia saa hii na batoto balilala, musinikasirikie kama inakuwa murefu.

Kwetu tulizaliwa bane. Papa ni mukimbangisti (muntu wa kanisa ya Simon Kimbangu) tangu ujana yake, mama alikuwa mukatolika wa Lejio ya Maria kabisa, rozari ku mukono. Mama akiwa muzima hapakuwa matata, Noeli ilikuwa yake, anapika, papa anaikala pa kiti yake pa inje, anakula muchele na kuku, anasema asema hii haiko Noeli, hii ni chakula ya bibi yangu, na maneno inaisha pale. Sasa mama hayuko, ni mwaka wa tatu huu. Papa anaikala kwa mudogo yangu wa tatu, avenyu ya pili. Mukubwa njo miye, kwa hiyo Noeli nayo imebakia mu mikono yangu, na miye sina ile kichwa ya mama.

Muone vile tuko. Miye mukatolika. Wa pili, dada yangu, aliolewa na muislamu kule Kenya (komini ya hapa, si inchi ya bengine), akaslimu, eko na batoto batatu. Wa tatu mukimbangisti sawa papa, huyu haletake matata. Wa mwisho ni Shahidi wa Yehova tangu 2019, yeye na bibi yake beko Kolwezi juu anatumika mu kampuni moja ya mine, na batoto yao babili, wa miaka 9 na 6, banaikala kwangu juu ya masomo.

Mwaka jana nilisema niite bantu bote 25/12 sawa mama alikuwa anafanyaka. Nilipika nguruwe mu nyungu moja, mbuzi mu nyungu ingine, mbabula mbili mbali-mbali, nikajiona miye njo mwenye akili. Kumbe binti yangu anakoroga mbuzi na mwiko ile ile yenye ilitoka mu nguruwe. Mutoto wa dada, wa miaka 5, njo alimuona, akasema na sauti ya yulu, "tantini, hii mwiko ilikuwa kule." Paka vile. Dada aliangalia sahani yake, ilikuwa imejaa tayari, akaiweka chini polepole sawa yai, akakamata batoto, bakaenda na mvua. Bwana yake hakusema kitu, alipita kwanza kuaga papa. Ile sahani ilibakia pa mukeka mpaka jioni, hakuna muntu alitaka kuigusa. Tangu pale dada ananijibiaka mu telefone paka "eeh" na "sawa".

Lakini ile haiko swali yenye imenileta. Swali ni ile batoto ya mudogo yangu. Munajua vile Noeli iko huku: asubui batoto ya avenyu yote banatoka na nguo mupya, viatu yenye kulia, malineti ya plastiki, banazunguka kila lupangu kuonyeshana. Mwaka jana bale babili balibakia mu nyumba na nguo ya kila siku, ule mudogo alisimama ku dirisha uso umebandika ku kioo, hata kusogea hasogei. Nilienda kulia nyuma ya choo, nasema kweli. Mwaka huu nataka kubanunulia sawa benzao. Baba yao alishasema wazi: Noeli hapana. Niko na haki? Beko mu nyumba yangu, banakula bukari yangu, lakini ni batoto ya mwenyewe. Munipatie shauri, na bale ba kuya kutukana dini ya bantu, mubakie kwenu.

Fundi_Kampemba

Mama, nyumba ni yako. Mwenye hataki batoto yake bavae Noeli akuye abakamate abapeleke Kolwezi. Nunua nguo, bavalishe, maneno imeisha. Tunajitesaka bure.

Mama_Lupangu

Papa Fundi, ingekuwa mudogo yako ungesema vile? Franga ya masomo ananitumiaka kila mwezi bila kukosa, na mama alipokuwa mugonjwa njo yeye alilala ku hospitali wiki tatu, chini pa simenti. Siwezi kumuambia akuye akamate.

MwanaNkamba

Mama Lupangu jambo. Niko mukimbangisti, Ruashi. Nitasema paka juu ya papa, juu naona mu famiye yenu banamuhesabu sawa muzee wa kukataa-kataa. Hapana mama. Kwetu Noeli ni 25/5, siku yenye alizaliwa papa Dialungana, mutoto wa pili wa papa Simon Kimbangu, mu 1916. Sasa papa yako akisema ile ya mwezi wa kumi na mbili haiko Noeli, hakuzarau. Weye bantu bakikuimbia bonane ya mwaka mupya mu mwezi wa saba utasema nini?

Alafu kwa siye ba Lubumbashi ile maneno iko na uzito yake. Papa Simon alianza kazi ya Mungu kule Nkamba, kijiji yake, 6/4/1921, miezi sita haikufika Babeleji bakamufunga, bakamuhukumu kifo, kisha bakageuza kuwa kifungo ya maisha, bakamuleta huku mbali na kwao. Wakati ile muji inaitwa bado Elisabethville. Alifia huku huku mu gereza 12/10/1951. Miaka 30! Bantu ya Nkamba njo balimuzaa, lakini siye njo tulipumua naye hewa moja miaka ile yote, hata kama ni nyuma ya ukuta. Muzee mukimbangisti wa Lubumbashi ile kitu anaibeba mu moyo hata kama hakuambiake. Na tangu 2023 tarehe 6/4 ni konje (siku ya kupumzika) ya inchi nzima, uliangalia siku ile papa alivaa nini? Kijani na nyeupe, najua bila kufika kwenu.

Sasa nikuulize na weye, mama, bila kugombana. 25/5 ya mwaka huu ulipika nini? Ulimupelekea papa hata chupa moja ya sikre?

Mama_Lupangu

Umenipata. Sikupika kitu. Nilimupigia telefone juu ya maneno ya lupangu, hata kumutakia Noeli njema sikuwaza. Na anaikala avenyu ya pili!

Shemeki_wa_Kenya

Salaam. Miye muislamu, bibi yangu alizaliwa mukatolika akaslimu, kwa hiyo ile hadisi ya mwiko niliisoma mara mbili, nikacheka kidogo kisha nikaacha kucheka.

Yaya, nyungu mbili haitoshake. Kwetu ile mafuta ya nguruwe ikigusa mwiko, mwiko ikigusa mbuzi, basi mbuzi imekwisha. Dada yako hakukasirika juu ya roho mubaya, alikasirika juu mbele ya bwana yake ilionekana sawa kwao habamuheshimu. Na angalia kitu moja yenye uliandika weye mwenyewe bila kuiona: shemeki alipita kuaga papa mbele ya kutoka. Muntu mwenye hasira hapitake kuaga. Ule hana neno na weye. Enda kwake na miguu, usipige telefone.

Juu ya chakula, hii ni vile tunafanyaka siye. Siku ya kukutana, nguruwe aikae mbali, mutamukula kesho yake, hatakimbia. Mununue mbuzi muzima, alafu umuite shemeki umuambie "kuya uchinje weye mwenyewe, na kisu yako". Hapo wa Kenya anakula, papa na wa tatu banakula juu bakimbangisti nao habakulake nguruwe wala habanywake pombe, na ule wa Kolwezi vilevile, juu Mashahidi beko bakali juu ya damu na siye tunachinjaka mpaka damu yote inatoka. Mukatolika njo mwenye anakosa kidogo, paka ile siku moja, atavumilia. Ya kunywa pikeni munkoyo ya mahindi, lakini ya jana! Ile ya siku tatu inakwishaka kugeuka pombe, nilishaona muzee mmoja wa mosike anaikunywa akizani ni ya batoto, mpaka leo tunamucheka.

Nyongeza kidogo juu ya kalenda, juu niliona kaka MwanaNkamba anasema 25/5. Mwaka huu wa 2026 Idi ya Kuchinja iliangukia 27/5, siku mbili kisha Noeli ya papa yenu. Mungechinja mbuzi moja mukale fete mbili. Mwaka kesho haitakuwa tena vile, juu mwaka yetu ni ya mwezi, inarudia nyuma karibu siku 11 kila mwaka, Idi itakuwa pale 16/5. Na mwezi wa pili Jumatano ya Majivu ya bakatolika ilikuwa 18/2 na Ramazani inaanza pale pale, bantu bengine 18 bengine 19. Mama mukwe alikuwa kwetu kwa kutembea. Alifunga kwaresima yake, siye yetu, magaribi tunakula kwa sahani moja. Yeye alikuwa nauliza kila siku, "jua bado?"

Mama_wa_Maombi

Bandugu muangalie sana. Nyama yenye muislamu anachinja anaitajia jina mbele ya kukata. Mukristo akiikula anakula sadaka ya mungine. Miye siwezi, na siwezi kushauri mama wa bantu akule. Afazali kila muntu akule kwake kwa usalama ya roho.

Furaha_BKV

Mama wa Maombi, mimi niko Bukavu, na ku kanisa yetu pia bako batu benye banasemaka vile. Lakini soma 1 Wakorinto 10, pale Paulo anaambia batu bakule nyama ya ku soko bila kuuliza-uliza juu ya zamiri, anakataza paka kama mutu anakuambia wazi ni sadaka ya sanamu. Muislamu anataja Mungu, hataji sanamu. Na zaidi, mbuzi zenye tunakulaka kila siku unajuaka nani alizichinja? Kama zamiri yako inakataa acha, hakuna mutu atakulazimisha, kula sombe.

Dada wa Katuba, kwetu tulishachoka na 25/12. Tuko na bakatolika, ba CEPAC (bapentekoste), na baadventisti benye kama Noeli inaangukia siku ya posho, sabato yao, habapiki kabisa. Tuliamua hivi: Noeli kila mutu anasali kwake na batoto yake, familia yote inakutana 1/8, fete ya bazazi. Ile haina kanisa, ni konje ya serikali, na vile munajua asubui ni ya bazazi benye balikufa, batu banaenda ku makaburi kukata majani na kupaka chokaa, kisha muchana ni ya bazima. Mama yenu ako na kaburi, si ndiyo? Kata majani pale na dada yako siku moja, mutaona kama atakujibu bado "eeh" na "sawa". Mimi na yaya wangu tulikuwa hatusemeshane miezi nane, ni jembe moja tulikuwa nalo, akachoka nikaipokea, hivyo tu.

Kisha tunakula sambaza na bugali mpaka usiku lol

Robo_ya_Manjano

Nilikuwa nasoma paka, sikutaka kuandika. Tantini, miye nilikuwa ule mutoto wa ku dirisha.

Baba na mama ni Mashahidi. Niliikala Kamalondo kwa mama mukubwa, mukatolika, miaka mine, juu ya masomo sawa hao bako. Mwaka wa kwanza alininunulia robo ya manjano, na kola ya dantele, akaniambia hii haiko ya Noeli, ni juu ulipata pointi muzuri. Lakini alinipatia 24/12 jioni. Nilikuwa na miaka 8, nilijua kuhesabu tarehe. Nilivaa, nikatoka, nikazunguka na benzangu, furaha ilikuwa mingi sitasema bongo. Usiku nikaivua nikaiweka chini ya matela juu ya kuogopa baba. Ilikuwa wakati ya mvua na nyumba ilikuwa na mayi chini ya ukuta, mwezi wa tatu niliitoa, ile dantele imekuwa nyeusi na inanuka sawa kitambaa ya kupangusa. Sikumuambia muntu. Baba alipokuya akaniuliza kama Noeli nilifanya nini, nikasema nilikuwa nalala. Bongo ya kwanza kwa baba. Na alijua, juu mama mukubwa alikuwa amepiga picha, ikabandikwa mu saluni, tarehe imeandikwa pa chini. Baba aliangalia ile picha wakati murefu. Hakunipiga. Alimuuliza paka mama mukubwa, "yaya, juu ya nini haukunipigia telefone?" Habakusemeshana miaka mbili.

Mama mukubwa alikuwa ananipenda, na mpaka leo namupenda. Ila ile siri ilikuwa ya bakubwa, miye njo niliibeba.

Sasa muelewe kitu, juu bantu mingi habajue. Kwa Mashahidi nguo mupya haikatazwe. Zawadi haikatazwe, baba alikuwa ananiletea vitu siku ingine kabisa, Jumanne, bila sababu. Chenye kinakatazwa ni ile fete: banasema Biblia haitaji tarehe ya kuzaliwa ya Yesu, na kwamba 25/12 bantu ba Roma balikuwa nayo mbele sawa siku ya jua. Wala siku yetu ya kuzaliwa hatufanyake. Fete ya bazazi ya dada wa Bukavu nayo hapana, basi mudogo yako usimungojee pale 1/8 sawa muntu wa fete. Lakini kaburi ya mama yake atakuya kulisafisha siku yoyote, na chakula atakula. Siye Ukumbusho yetu ya kifo ya Yesu ni mara moja mu mwaka, mwaka huu ilikuwa 2/4, Paska ya bakatolika 5/4, siku ya Kimbangu 6/4. Famiye sawa yenu ile juma hamukuonana hata moja, sivyo? Kila muntu alikuwa nakimbia na biblia yake.

Basi: pigia mudogo yako, leo, si 23. Umuambie ile ya dirisha. Umuambie unataka kununua nguo na umuulize lini. Na mbele ya yote uliza ule mutoto mwenyewe. Bakubwa tunazanaka sana tunajua juu ya nini mutoto anasimama ku dirisha.

Fundi_Kampemba

Hii ya robo imenimaliza. Mama, nilichosema yulu usikifuate.

Mama_Lupangu

Bandugu, ni siku kumi leo, nimerudi kutoa habari.

Nilimupigia mudogo yangu. Kwanza alicheka, alizani nataka mukopo. Nilipofika pa dirisha akanyamaza mpaka nikaangalia telefone kama inite zimeisha. Kisha anasema asema, "yaya, miye niliwaza weye njo utakasirika kama sikatazi kitu, juu mama alikuwa anatukatazaka." Sikuelewa sana na sikuuliza. Tulipatana vile: nguo alituma franga yeye mwenyewe, nilienda nabo soko ya Kenya Jumamosi, balichagua, Jumapili bakavaa kwa mukutano yao. 25/12 watakula na siye, misa hapana, kuimba hapana, na kama wanataka kutoka barabarani na nguo yao kama siku yoyote, batoke. Juu ya ile ya mwisho nilimuuliza mara mbili. Alisema batoke.

Kisha akaniuliza, "na mwiko, ulishatengeneza na dada?" Kumbe bote balikuwa banajua.

Nilienda kwa dada na miguu sawa Shemeki_wa_Kenya alinishauri. Nilimukuta napepeta muchele. Maneno yenye nilikuwa nimetayarisha yote ikapotea, nikamuambia paka "twende tununue nyungu". Aliniangalia, akaweka lungo chini. Tulinunua nyungu ya aluminiomu na mwiko mbili, yeye njo aligonga-gonga zote mpaka mama wa kuuza akachoka, na pa mwiko moja akafunga uzi nyekundu. Iko kwangu, imetundikwa pa musumari yake peke yake. Binti yangu anaiogopa sawa nyoka. Bwana yake atachinja, alisema ataleta kisu. Mbuzi bado kupata, bei yake kwa sasa afazali tusiseme.

Ule mutoto wa ku dirisha nilimuuliza. Anasema asema hakukuwa nalia. Alikuwa naangalia mutoto wa jirani mwenye alivaa kostimi nyeupe, alianguka mu matope mbele ya mulango yetu, akawa anangojea aone kama mama yake atamupiga. Miye nikaenda kulia nyuma ya choo juu ya ile.

Papa naye nilimufikia jioni. Nilimuambia 25/5 nitapika, aniambie anataka nini. Aliikala, akasema kuku, na muchele, lakini na ile bizari ya mama yenu. Sasa njo swali yangu ingine bandugu: mama alikuwa naleta bizari moja mu kikaratasi ya kukunja, rangi sawa matofali, inanuka kidogo sawa moshi, haiko ile ya mu maduka. Nilizunguka soko yote. Kuna muntu anajua inauzwa wapi?

Fundi_Kampemba

Bibi yangu anasema ni ya ule mama muzee wa pembeni ya bale ba samaki ya kukauka, anatandika chini, hana meza. Enda asubui, saa ine anakwisha kurudia kwake.